Je, wajua kwa nini Linux ina programu nyingi hivyo za muziki, na ipi itakufaa?

Mtu akihama Windows na kuingia mfumo wa Linux kama Ubuntu au Linux Mint, hasa kwenye zile laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo, hukutana na wingi asioutarajia. Anatafuta programu moja tu ya kusikilizia nyimbo, anamwagiwa majina: Rhythmbox, Strawberry, Clementine, Audacious, Elisa, Lollypop, Quod Libet, DeaDBeeF, cmus, na VLC ambayo pengine alishaizoea tangu zamani. Swali linalofuata karibu kila mara ni hili: ipi ina sauti nzuri zaidi?

Karibu zote zina sauti ileile. Programu unayoiona kwenye kioo haitengenezi sauti. Ukibofya wimbo, programu inaifungua faili na kuikabidhi kwa zana ya ndani inayojua kuifumbua, mara nyingi GStreamer au FFmpeg. Kinachotoka hapo kinapelekwa kwa PipeWire, msimamizi anayepokea sauti za programu zote na kuamua ziende spika, hedifoni au bluututhi. PipeWire aliianzisha Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, iliiweka kuwa ya kawaida kwa sauti mwaka 2021, Ubuntu ikafuata mwaka 2022, na kabla yake kazi hiyo ilifanywa na PulseAudio. Chini kabisa, ndani ya kiini chenyewe cha Linux, ipo ALSA inayozungumza na kadi ya sauti. Ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani: kila mpangaji ana ndoo yake na rangi yake, lakini maji ni yale yale.

Kwa hiyo ukisikia programu moja ina besi nzito kuliko nyingine, kabla ya kuisifu nenda kwenye ikwalaiza yake, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba. Huenda imewashwa kule na huku imezimwa.

Basi kama sauti ni moja, wingi huu umetoka wapi? Sehemu ya jibu ni leseni. Programu nyingi kati ya hizi zina leseni inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo, kuubadili na kuutoa upya kwa jina jingine, na watu wameitumia ruhusa hiyo kweli. Winamp, programu ya muziki, ilipotoka mwaka 1997 kwa ajili ya Windows, watu wa Linux walijitengenezea XMMS yenye sura kama yake, na ukoo huo ndio uliotuzalia Audacious. Kisa cha Amarok, programu nyingine ya muziki ya Linux, ndicho kinachoeleza zaidi. Toleo lake la 1.4 lilipendwa mno. Desemba 2008 likatoka toleo la 2, limejengwa upya na sura tofauti kabisa, na waliolipenda la zamani hawakuridhika. Mwaka 2010 baadhi yao wakatoa Clementine iliyofuata mtindo wa 1.4. Clementine nayo ilipopunguza mwendo, mwaka 2018 ikazaliwa Strawberry kutoka kwenye msimbo wake. Majina matatu, na nyuma yake ni watu waliokataa kunyang'anywa namna waliyozoea ya kupanga nyimbo zao.

Hapo penye kupanga nyimbo ndipo zinapotofautiana kweli. Kuna programu za maktaba: Rhythmbox, Strawberry, Clementine, Lollypop, Elisa, Quod Libet. Hizi hupita kwenye nyimbo zako zote, husoma maandishi yaliyofichwa ndani ya kila faili, kisha hukupangia kwa msanii, albamu na mwaka. Na kuna zile zinazoridhika kukuchezea unachowapa: Audacious, DeaDBeeF, VLC. Unaivuta folda, unaiachia kwenye dirisha lake, nyimbo zinaanza kwa mpangilio ule ule wa folda.

Kabla ya kuchagua, fungua folda yako ya nyimbo uitazame. Mkusanyiko wa mtu wa Dar es Salaam mara nyingi haukununuliwa albamu kwa albamu. Nyingine zimetoka kwenye flashi ya rafiki, nyingine kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, nyingine zimeshushwa mtandaoni, nyingine ni kanda za zamani ambazo mtu alizihamishia kwenye kompyuta. Majina ya faili yanaweza kuwa mazuri kabisa, huku yale ya ndani yakisema "Track 01", "Unknown Artist", au jina la tovuti iliyoupandisha wimbo.

Maandishi hayo ya ndani huitwa tagi, na historia yake inaeleza shida zetu nyingi. Mfumo wa kwanza wa tagi za MP3, ID3, ulibuniwa mwaka 1996 na Eric Kemp. Ulikuwa kipande cha baiti 128 tu, kimebandikwa mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Sasa jaribu kumwandika humo Mbaraka Mwinshehe pamoja na bendi yake. Utapata "Mbaraka Mwinshehe & Morogoro J", na nafasi imekwisha; neno Jazz limekatika kwenye herufi ya kwanza. Ile baiti moja ya aina ya muziki nayo ilikuwa namba ya kuchagua kutoka kwenye orodha ya aina 80. Polka imo. Taarabu haimo, muziki wa dansi tunaoujua sisi haumo. Toleo la pili, ID3v2 la mwaka 1998, liliondoa mipaka hiyo, unaandika urefu unaotaka na aina unayotaka. Lakini faili zenye tagi za kale bado zinazunguka, na programu ya maktaba itakuonyesha kilichoandikwa, si kilichokusudiwa.

Chukua Msondo Ngoma. Bendi hii ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji wa Dar hiyo ni bendi moja yenye umri wake. Kwa Rhythmbox ni wasanii wanne wasiojuana, mmoja kwenye J, mwingine M, mwingine N, mwingine O. Ongeza makosa ya uandishi, "Juwata Jazz" hapa na "JUWATA JAZZ BAND" pale, wanne wanakuwa saba. Mtu anasema programu imepoteza nyimbo zake, kumbe zimo zote, zimetawanyika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama mkusanyiko wako ni wa flashi, miksi za madijei na folda ulizokwishazipanga mwenyewe, sakinisha Audacious. Ni nyepesi, inafunguka haraka hata kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2, na kama una hamu na sura ya Winamp, ingia sehemu ya kuchagua mwonekano utaikuta. Kama una nyimbo nyingi na uko tayari kuzisafisha tagi, chukua Strawberry. Naipenda kuliko zote katika kundi lake kwa sababu inakuruhusu kuchagua nyimbo hata mia kwa pamoja na kurekebisha msanii wake kwa mkupuo, bila kufungua programu ya pili. Rhythmbox ni nzuri na rahisi, nayo huja na Mint. Kwenye Ubuntu za karibuni, ukikubali usakinishaji wa kawaida ambao ni mfupi, huikuti, inabidi uiongeze. VLC iweke hata hivyo. Ina vifumbuzi vyake yenyewe na hucheza karibu kila kitu, ila kwa kupanga maktaba kubwa si mahali pake.

Kusakinisha kwenyewe ni dakika chache. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na utumie apt, kisakinishi cha Ubuntu na Mint: andika `sudo apt update` ili kompyuta ipate orodha mpya ya programu, kisha `sudo apt install strawberry` au `sudo apt install audacious`. Itakuomba nywila, na kwenye baadhi ya mifumo unapoiandika hakuna kitakachoonekana, hata nyota. Si hitilafu, endelea kuandika na ubonyeze Enter. Kabla ya kushusha chochote, apt inakutajia ukubwa wa mzigo na kukuuliza kama uendelee. Kwa anayetumia bando la simu kupitia hotspoti, mstari huo usiuruke. Bonyeza n kama mzigo unakuzidi, hakuna kitakachoharibika.

Bando ndilo linalonifanya nipendelee apt kuliko Flatpak kwa kazi hii. Flatpak ni njia nyingine halali ya kusakinisha programu na mara nyingi huwa na toleo jipya zaidi, lakini ya kwanza kuisakinisha huja na msingi wake wa kuendeshea, na huo hufika mamia ya MB kwa programu ambayo yenyewe ni ndogo. Kuna jambo jingine pia: programu za Flatpak na za snap, njia nyingine ya namna hiyo, huishi ndani ya uzio. Baadhi haziruhusiwi kuona nje ya folda ya muziki, kwa hiyo unachomeka flashi, unaiona vizuri kwenye dirisha la faili, na programu inasema hakuna kitu. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya programu hiyo na kuipa ruhusa ya vifaa vya kuchomeka.

Na kama jirani yako ana Ubuntu ya toleo lile lile, hamna haja ya kununua bando mara mbili. Tumia `sudo apt-get install` badala ya `sudo apt install`. Amri fupi hufuta vifurushi baada ya kusakinisha, ile ndefu huviacha kwenye folda ya `/var/cache/apt/archives`. Nakili faili zake za .deb kwenye flashi, mpelekee, aziweke kwenye folda moja, afungue terminali humo na kuandika `sudo apt install ./*.deb`. Kama kompyuta yake haina kitu kingine kilichopungua, itasakinishwa bila intaneti.

Kuhusu aina za faili: MP3 siku hizi hazisumbui. Kwa miaka mingi zilifungwa na hataza, yaani haki za wavumbuzi, na ndiyo maana mifumo kadhaa ya Linux ilikuja bila uwezo wa kuzicheza. Tarehe 23 Aprili 2017 mpango wa leseni zake ulifungwa, na mlango ukawa wazi. Sauti za WhatsApp hutumia Opus, ambayo ni huru tangu mwanzo. Zinazoweza kugoma ni M4A. Kwenye Mint kuna kitufe cha kusakinisha vifumbuzi ndani ya menyu, na kwenye Ubuntu unaandika `sudo apt install ubuntu-restricted-extras`. Katikati ya kazi hiyo terminali hujaa maandishi ya masharti ya fonti za Microsoft, na wengi hukwama hapo kwa sababu kipanya hakifanyi kazi. Bonyeza kitufe cha Tab mpaka neno Ok liwake, kisha Enter, halafu ukubali swali linalofuata.

Sasa turudi kwa Msondo wetu. Kwanza nyimbo zihamishie kwenye folda ya muziki ya kompyuta yenyewe, maana maktaba iliyosoma flashi hubaki na majina matupu flashi ikichomolewa. Ielekeze Strawberry kwenye folda hiyo na uiache ipite. Kisha chagua nyimbo zote za bendi, bofya kulia, ingia kwenye kuhariri taarifa za nyimbo. Sehemu ya msanii usiiguse: kama wimbo ulirekodiwa enzi za JUWATA, libaki JUWATA, hiyo ni historia na haifai kufutwa. Badili sehemu inayoitwa Album artist, uandike Msondo Ngoma kwa zote. Kisha iambie maktaba ipange kwa sehemu hiyo, na bendi inakaa pamoja huku kila enzi ikibaki na jina lake.

Kama tagi ni tupu lakini majina ya faili ni mazuri, usiandike moja moja. Programu ya Kid3 inaweza kusoma jina la faili, kwa mfano msanii, kistari, jina la wimbo, na kujaza tagi za folda nzima kwa mara moja. Ipo pia Picard, inayousikiliza wimbo wenyewe na kuutafuta kwenye hazina ya MusicBrainz. Kwa nyimbo zilizoingizwa huko ni msaada mkubwa. Kwa dansi na taarabu za zamani hakiki kila jibu kwa jicho lako kabla ya kuhifadhi.

Nyimbo za kanda huwa chini, Bongo Fleva ya leo ipo juu, na ukizichanganya unakimbilia kitufe cha sauti kila baada ya dakika nne. ReplayGain hupima kila wimbo na kuandika kwenye tagi kiasi cha kuupunguza au kuupandisha wakati wa kucheza, bila kuigusa sauti iliyo ndani ya faili. Audacious na Quod Libet zinaitii, na Rhythmbox ina kiongezi chake.

Kabla hujahifadhi kazi yote ya tagi, angalia toleo la ID3 kwenye mipangilio ya Kid3. Ukitaka nyimbo hizo zisomeke pia kwenye redio ya gari au spika ya flashi, chagua ID3v2.3. Vifaa vingi vya zamani havilisomi toleo la 2.4, na vitakuonyesha mstari mtupu ingawa kwenye laptopu kila kitu kimeandikwa.