Gari la Nairobi Likishuka Pwani: Ninayoyaangalia Mimi Fundi

Kila mwaka, Desemba ikifika katikati, simu yangu huanza kulia mapema. "Fundi, kesho alfajiri tunashuka Mombasa na watoto. Nikuletee gari jioni unifanyie sevisi ya haraka?" Zamani nilikuwa nakubali. Siku hizi nakataa, na wapo wateja wanaoninunia hadi Januari.

Gari linalozunguka Nairobi limedekezwa bila mwenyewe kujua. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, mwezi wa Julai watu wanavaa sweta hadi adhuhuri. Asubuhi gari linatoka Donholm kwenda mjini, linalala kwenye maegesho, jioni linarudi. Mwendo wa kasi ni ule mdogo wa Thika Road siku ya Jumapili. Halafu siku moja unaliwekea watu watano, masanduku, godoro la mtoto na jokofu la mkononi, unawasha ace, yaani kiyoyozi, unaliambia likimbie saa saba mfululizo kwenye jua la Tsavo. Kasoro iliyojificha mwaka mzima itajitokeza siku hiyo, na itachagua kujitokeza pale ambapo jirani yako wa karibu ni ndovu.

Ndiyo maana nataka gari wiki mbili kabla ya safari. Mkono wowote ukiingia kwenye injini unaweza kuacha kitu hakikukazwa: nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta ya oili, kibano cha mpira wa maji. Na kipuri kipya nacho huweza kuwa kibovu tangu dukani, hasa kile ulichonunua Kirinyaga Road kwa bei iliyokufurahisha. Sevisi ikishafanywa, enda nalo kazini wiki nzima. Wikendi lipeleke Naivasha au Machakos, saa moja na zaidi kwa mwendo wa barabara kuu, ace ikiwa imewashwa. Ukirudi, egesha mahali pakavu, tandaza katoni chini ya injini, ukaangalie asubuhi. Tone moja la oili kwenye katoni nyumbani ni habari njema, maana limetokea nyumbani.

Sasa mfumo wa maji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio ulioniaibisha.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa tayari na karakana yangu, nilishuka Mombasa na familia kwa gari langu mwenyewe. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimebadilisha maji ya rejeta, nikatia kulanti safi, yale maji maalumu ya kupozea injini, nikabadilisha na mpira wa juu. Tukapita Mtito Andei vizuri. Kabla ya kufika Manyani kijana wangu akasema kutoka nyuma, "Baba, kuna harufu ya peremende." Nikacheka. Kisha na mimi nikaisikia, nikaangalia dashibodi: mshale wa joto ulikuwa umeshapanda hadi kwenye nyekundu. Kulanti inapovuja ikakutana na chuma cha moto hunukia utamu. Nalijua hilo. Nililijua kama fundi, si kama baba anayesimulia watoto hadithi.

Nikaegesha, nikafungua boneti, nikachukua kitambaa nikaupeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Trela lilikuwa limesimama nyuma yetu, dereva wake mzee mmoja mwenye kofia ya mkono akapiga kelele kabla hata hajashuka. "Kijana! Toa mkono! Hiyo itakubabua uso mbele ya watoto wako." Nikautoa. Akanikalisha kwenye kivuli cha trela lake karibu saa nzima, wala hakuniuliza kazi yangu ni nini, na mimi sikumwambia.

Gari lilipopoa nilifungua kifuniko nikakigeuza. Ule mpira mdogo wa ndani ulikuwa mgumu kama ukucha, na ulikuwa na ufa mmoja mwembamba, kama wa matope yaliyokauka. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu kwa nje kiling'aa. Mganga hajigangi.

Kazi ya kifuniko hicho ni kuyafungia maji kwenye presha. Maji ya kawaida Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu ya kimo. Kifuniko kizima kikiyakaba, hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120. Kikichoka, ile akiba yote ya nyuzi ishirini na ushei inapotea. Mjini hutagundua, kwa kuwa injini haifiki huko. Utagundua nyuma ya lori lililobeba saruji, gia ndogo, mlima, saa nane mchana. Kwa hiyo mteja akija, kifuniko ndicho cha kwanza ninachokigeuza. Kisha nalisikiliza feni: naliacha gari likiunguruma na ace imewashwa, nangoja feni iingie. Magari mengi ninayopokea feni zao zilikufa zamani, baridi ya Nairobi ikawafichia wenyewe.

La mwisho hapo ni thamostati, ile vali inayoyazuia maji hadi injini ipate joto. Kuna mafundi wenzangu ambao gari likichemsha mara moja tu wanang'oa thamostati na kuitupa, mteja anaambiwa "hii ni ya nchi za baridi." Si kweli. Bila hiyo injini haifikii joto lake, inakunywa mafuta, na ugonjwa wa kweli uliolichemsha gari unabaki palepale. Uliza kama yako ipo. Na usinijazie rejeta maji ya bomba. Yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayoziba njia.

Tukienda kwenye matairi, wengi huangalia meno tu. Mimi nasoma ubavuni kwanza. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho wake, utaona tarakimu nne ndani ya kiduara. Ukikuta 2316, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Likiwa na meno ya kupendeza bado ni mzee, na mpira mzee ukipata joto na mzigo huchanika bila kuaga. Hapa kwetu kuna tatizo la ziada: magari yanakuja kutoka Japan na matairi yaliyokaa sana bila kutembea. Yanang'aa. Usidanganyike na kung'aa.

Upepo nao una hesabu zake. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, hata kama kimeandikwa Kijapani chote, tarakimu zake zinasomeka: 220, 230, 240. Hizo ni kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 upate pauni za mashine ya petroli stesheni, yaani 220 ni kama 32. Kama kibandiko kina mstari wa gari lililojaa, tumia huo, kwa sababu kwa safari hii gari lako limejaa. Pima asubuhi kabla hujaliendesha. Ukifika Voi mchana ukapima, utakuta pauni zimepanda tatu nne hivi kwa ajili ya joto, na kijana wa stesheni atataka kukupunguzia. Mkatalie kwa upole. Tairi lenye upepo kidogo linakunjwakunjwa ubavuni kila linapozunguka, na huko kukunjwa ndiko kunakozaa joto linalolipasua.

Kuna jambo moja hapa ambalo hunifurahisha kila ninapolieleza. Ukishuka kutoka Nairobi hadi baharini, hewa ya nje inakuwa nzito, kwa hiyo geji itakusomea kama pauni mbili na nusu pungufu kuliko ulivyojaza, bila hewa yoyote kutoka ndani. Wakati huohuo joto la Pwani linapandisha. Hayo mawili yanavutana, ndiyo maana usihangaike nayo njiani. Lala, amka, kabla ya kwenda ufukweni pima tairi likiwa limepoa, rekebisha basi.

Spea. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa lini? Iko chini ya mizigo yote, na ukipata pancha Maungu utashusha kila kitu kwenye vumbi, mke wako akikutazama. Ipime kabla hujapakia. Ikiwa ni ile nyembamba ya dharura, inahitaji upepo mwingi, pauni 60, na hairuhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Magari mengine mapya hayana spea kabisa, yana pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba, na ile chupa ina tarehe ya kuisha. Kama nati zako zina ile moja ya kuzuia wezi, hakikisha ufunguo wake uko garini. Nimeshuhudia mtu ana spea nzuri, jeki nzuri, spana nzuri, na ufunguo uko kwenye droo ya jikoni South B.

Breki sitazungumza sana: pedi zipimwe, na mafuta ya breki yabadilishwe kama hukumbuki yalibadilishwa lini, kwa sababu hunyonya unyevu yakachemka ukiyachosha. Utakaposhuka Mazeras kuelekea Miritini, punguza kwa gia. Wenye otomatiki nao wana hizo gia, ni vile tu hawajawahi kuigusa ile S au B pale kwenye wenzo.

Wenye haiburidi, yaani gari la petroli na umeme, mna dirisha dogo la hewa pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Hilo ni pua ya betri kubwa. Watu wanaliegemezea mito, mablanketi na begi la nepi, betri inakosa pumzi kwenye joto, taa zinawaka kwenye dashibodi, kisha napigiwa simu. Nisafishie kifilta chake kabla ya safari na usikizibe.

Na tafadhali, kama gari lako ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, asikutie mtu mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo aliyo nayo. Hiyo ni giaboksi nzima unanunua.

Njia yenyewe ni kilomita 485 hivi, na sehemu kubwa bado ni leni moja kwenda na moja kurudi, huku ukigawana na malori ya bandari. Mimi hutoka alfajiri, nikivuka Mlolongo kukiwa kumepambazuka, na usiku siendeshi njia hiyo. Lori lililoharibika bila taa ni kubwa sana kuligonga, na Tsavo wanyama wanavuka. Petroli huongeza Mtito Andei, karibu na katikati ya safari, hata kama geji inasema bado. Gari la kilomita 14 kwa lita linataka lita 35 kufika, na tangi la gari dogo halikuachii nafasi ya kupotea wala ya kungoja nyuma ya ajali saa mbili. Makindu kuna hekalu la Masingasinga la mwaka 1926, chakula ni bure kwa kila msafiri. Funika kichwa, vua viatu, toa sadaka ukijaliwa. Mimi huwa nasimama hapo si kwa njaa tu. Dakika arobaini za kupumzika zinatosha kuzunguka gari, kugusa kila tairi kwa kiganja na kuona kama kuna lililo moto kuliko wenzake. Gurudumu lenye moto wa peke yake lina breki iliyokwama au beringi inayokufa.

Wa Diani siku hizi hawalazimiki kungoja feri ya Likoni. Kata kona Miritini ushike Dongo Kundu, utokee Kwale.

Kurudi ndiko watu husahau. Jaza tangi Mombasa kabla hujapanda, kwa sababu bei zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi huwa chini kule kuliko Nairobi. Mafuta hushushwa bandarini, na gharama ya kuyapandisha kwa bomba hadi huku unailipa wewe. Pima oili tena, maana mwendo mrefu unakula kidogo hata kwenye injini nzima. Na kama ulilipeleka gari hadi kwenye mchanga kupiga picha, basi Jumatatu kabla ya kazi lipeleke kwa watu wa kuosha, uwaambie wapige maji ya kutosha kwa chini, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye mabomba ya breki. Wataosha juu kwanza, wataling'arisha, watakuambia tayari. Chuchumaa uangalie mwenyewe.