Cheo cha matai na mlango wa bandari: jinsi wakoloni walivyoidhibiti Samoa

Kwa desturi ya Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, shamba la taro na migomba ni la aiga, yaani ukoo mzima, na anayelisimamia ni matai, mtu aliyechaguliwa na ukoo kubeba jina lake la cheo. Matai ndiye anayegawa ardhi, anayewaita watu kazini, na anayeketi kwenye fono, baraza la kijiji, kwa niaba ya wote wanaomtegemea. Wako wa aina mbili: ali'i, wenye heshima ya ukuu, na tulafale, wasemaji wanaoshika hotuba, nasaba na taratibu za vikao.

Cheo hicho hakimwendei mtoto wa kwanza moja kwa moja. Matawi ya ukoo hukutana na kubishana, pengine kwa muda mrefu, kuhusu nasaba na kuhusu nani ameutumikia ukoo vizuri. Wakishapatana hufanya saofa'i, sherehe ya kumsimika: kinywaji cha ava hunywewa mbele ya machifu, mikeka laini hugawiwa, na kijiji humpokea katika nafasi yake barazani. Bila kijiji kumpokea, jina analo lakini mahali pa kuketi hana.

Mtawala mgeni anayetaka kuishika nchi ya namna hii hahitaji kumiliki kila ekari. Anahitaji kuamua nani ni matai, na kuamua nani aingie nchini, nani atoke na nani akae wapi. Wajerumani walifanya yote mawili, na New Zealand ikawafuata. Mtu anaweza kuyaeleza kama sura mbili tofauti, ya mila na ya uhamiaji. Kwa maoni yetu ni sura moja.

Mwaka 1899 Ujerumani, Uingereza na Marekani zilifuta ufalme wa Samoa, kisha zikagawana visiwa. Upolu na Savai'i vikaenda kwa Ujerumani, na bendera yake ikapandishwa Mulinu'u, karibu na mji mkuu wa Apia, tarehe 1 Machi 1900. Tutuila ikachukuliwa na Marekani mwaka huohuo, na Manu'a ikafuata mwaka 1904. Gavana wa Kijerumani alikuwa Wilhelm Solf, ambaye mwaka 1898 alipelekwa Dar es Salaam kuwa hakimu wa serikali. Samoa hakuweka maakida kama wenzake wa Afrika Mashariki; aliamua kupitia kwa machifu wenyewe.

Kulikuwa na majina manne ya juu kabisa: Tui Atua, Tui A'ana, Gatoaitele na Tamasoali'i. Aliyeyakusanya yote aliitwa Tafa'ifa, na vita vingi vya karne ya 19 vilipiganwa kwa ajili yake. Solf alikata mzizi huo. Alitangaza kuwa Tupu Sili, mfalme mkuu, ni Kaisari wa Ujerumani aliyeko Berlin, na Mata'afa Iosefo akapewa cheo kipya cha Ali'i Sili, chifu mkuu chini ya gavana. Mata'afa alipofariki mwaka 1912, cheo hicho nacho kikafutwa, na mahali pake wakawekwa washauri wawili walioitwa Fautua, mmoja kutoka kila upande wa familia kubwa zilizoshindana. Mwaka 1905 Solf alivunja pia serikali ya wasemaji wa Tumua na Pule, watu waliokuwa na haki ya kutoa majina hayo ya juu, akaunda baraza la wajumbe aliowateua mwenyewe. Msemaji Lauaki Namulau'ulu Mamoe wa Savai'i alipoongoza upinzani, alisafirishwa mwaka 1909 hadi kisiwa cha Saipan. Alifariki mwaka 1915 akiwa njiani kurudi, hakukanyaga tena Savai'i.

Chombo kilichodumu kuliko vyote ni Tume ya Ardhi na Vyeo ya mwaka 1903. Ugomvi wa jina la ukoo sasa ulipelekwa kwa maofisa wa Kizungu wakisaidiwa na washauri wa Kisamoa, ukasikilizwa, ukaandikwa daftarini. Kuna jema lilitokea: ugomvi uliokuwa ukiishia kwenye bunduki ukaishia kwenye karatasi. Lakini tazama kilichobadilika. Nasaba ni hazina ya ukoo, wasemaji huitunza kwa siri. Mbele ya tume ilibidi isomwe kwa sauti huku wapinzani wakisikiliza na karani akiandika. Zamani tawi lililoshindwa lilisubiri kizazi kijacho lijaribu tena. Sasa lilikuta hukumu iliyoandikwa, na hukumu ya leo ikawa ushahidi wa kesi ya kesho.

Kuhusu mlango wa bandari, chanzo chake ni ardhi hiyohiyo. Chini ya Mkataba wa Berlin wa 1889 madai ya wageni yalichunguzwa, ikaonekana wamedai zaidi ya mara mbili ya ardhi yote ya visiwa. Yaliyokubaliwa ni kama asilimia 8 tu. Basi Wasamoa wengi walibaki na mashamba yao chini ya matai, na mwenye taro yake hakuwa na sababu ya kwenda kuwa manamba. Kampuni kubwa ya Kijerumani ya DHPG iliagiza wafanyakazi kutoka visiwa vya Melanesia. Wenye mashamba wengine wakadai Wachina, na meli ya kwanza ya vibarua hao ilifika mwaka 1903. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, kisha kurudishwa kwao. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kufungua biashara, na viboko vilikuwa adhabu halali.

Lakini watu huoana. Mwaka 1912 Solf, ambaye sasa alikuwa waziri wa makoloni, alipiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na Wasamoa, marufuku ambayo Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa nayo tangu 1906. Watoto wa ndoa zilizokwisha fungwa waliandikwa kuwa Wazungu. Waliozaliwa nje ya ndoa waliandikwa wenyeji, ila wenye Kijerumani fasaha na elimu ya Kizungu waliweza kupandishwa hadhi. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kuangukia madaftari tofauti.

New Zealand iliwapokonya Wajerumani visiwa hivyo tarehe 29 Agosti 1914. Wachina walikuwa zaidi ya 2,000. Kufikia mwaka 1920 walirudishwa kwao hadi wakabaki chini ya 1,000, kisha mashamba yakakosa watu na uagizaji ukaanza upya. Sheria ya Samoa ya 1921 ilikataza kibarua wa Kichina kuoa mwanamke wa Kisamoa.

Utawala uliomchunga Mchina mmoja asiingie nyumba ya Msamoa ulishindwa kuchunga meli. Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune ilitia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua, na abiria wakashuka bila karantini. Walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Ng'ambo kidogo, Samoa ya Marekani, gavana John Poyer alifunga bandari, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Waliokufa Upolu na Savai'i ni pamoja na machifu wengi wazee, wenye kujua nasaba. Hapo serikali ikapata nafasi zaidi ya kuingilia vyeo.

Ndipo ikaja Amri ya Wakosaji wa Kisamoa ya mwaka 1922. Mtawala aliweza, bila kesi mahakamani, kumwondoa Msamoa kijijini au wilayani kwake na kumvua jina la cheo. Jenerali George Richardson, aliyetawala kuanzia 1923, aliitumia sana. Mwaka 1924 Tupua Tamasese Lealofi III aliamriwa kuondoa ua wa hibiskasi uliokuwa mpakani mwa kiwanja chake. Alikataa. Akafukuzwa, akavuliwa cheo, na aliporudi Apia bila ruhusa akafungwa.

Kosa la amri hiyo si ukali tu. Cheo kimetolewa na ukoo, kikapokelewa na kijiji. Serikali haikukitoa, kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kukichukua. Daftari liliandika kwamba nafasi iko wazi, lakini kijiji kiliendelea kumhesabu mwenye nafasi kuwa ni yuleyule. Ukoo haukuweza kumsimika mwingine bila kumsaliti aliye hai. Fono likagawanyika, na agizo lolote la serikali lililopita humo likakosa wa kulibeba.

Amri hiyo haikuwagusa walioandikwa Wazungu, kama mfanyabiashara Olaf Frederick Nelson, mwana wa Mswidi na Msamoa, aliyekuwa mbele katika harakati za Mau, za kupinga utawala wa New Zealand. Kwa hao ikatungwa sheria ya 1927 ya kuwafukuza nchini, na Nelson akapelekwa uhamishoni miaka mitano. Daftari mbili, adhabu moja. Tarehe 28 Desemba 1929 Mau waliandamana Apia kumpokea mmoja wa waliofukuzwa pamoja na Nelson, na polisi wakafyatua risasi. Tamasese alikuwa miongoni mwa waliouawa. Mwaka 1936 serikali mpya ya chama cha Labour huko New Zealand iliitambua Mau na kuiondoa amri ya 1922.

Upande wa Marekani, cheo cha Tui Manu'a kilitangazwa kuwa kimekwisha alipofariki Elisala mwaka 1909, kwa hoja kwamba ufalme haupatani na katiba ya Marekani. Mwaka 1924 watu wa Manu'a walimsimika Christopher Young. Gavana akamzuia Tutuila asirudi.

Samoa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Kupiga kura kwa viti karibu vyote kuliachwa kwa matai peke yao hadi mwaka 1990, na hilo lilichochea ukoo mmoja kugawa jina moja kwa watu wengi ili upate kura. Mahakama ya Ardhi na Vyeo, mrithi wa tume ya 1903, bado inasikiliza kesi hizo. Na mwaka 1982, katika kesi ya Lesa, Baraza la Wazee wa Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya New Zealand, liliamua kwamba waliozaliwa Samoa kati ya 1924 na 1948 walikuwa raia wa New Zealand. Bunge la New Zealand likaifuta haki hiyo kwa sheria mwaka huohuo, na likawafungulia wahusika njia ya kuidai mnamo 2024, wakati walio hai wote wameshapita miaka 75.