Kula chungwa ukiwepo

Mezani katika chumba changu cha ushauri nasaha huwa kuna machungwa ya Muheza, na wengi wanaoingia hudhani ni ya kukaribishia wageni. Kwa kweli ni vitendea kazi. Mafunzo ya wiki 8 ya kupunguza msongo wa mawazo, ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, hutumia zabibu kavu moja inayotafunwa taratibu mno. Lakini kwetu zabibu kavu ni kitu cha kukutana nacho kwenye pilau, ilhali chungwa tumelizoea tangu utotoni, na mazoea ndiyo hasa ninayotaka kuyachokoza.

Namwomba mtu alimenye kwa vidole, bila kisu na bila haraka. Ganda likipasuka hurusha rasharasha za mafuta zinazowasha penye mchubuko wa kidole, na harufu humfikia mtu kabla ya utamu. Kufikia kipande cha tatu, karibu kila mmoja ameshaondoka: yuko kwenye ada ya shule, kodi ya nyumba, au maneno aliyoambiwa kazini juzi. Kugundua kwamba umeondoka, kisha kukirudia kipande kilichomo mkononi bila kujilaumu, ndio ujuzi wenyewe ninaoufundisha.

Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, wakati wowote wa siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya majibu, mawazo yalikuwa kwingine. Lililonigusa zaidi ni kwamba hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi kuliko wale ambao akili zao zilikuwa kwenye shughuli iliyokuwa mbele yao.

Hata hivyo, simwambii mfiwa afurahie wakati uliopo, maana wakati wake uliopo ni msiba, namwachia alie. Wala kuwaza kesho si kosa, kwani kodi hailipwi kwa umakini wa kula matunda.

Juzi, nikijibu ujumbe kwenye simu, nilimaliza chungwa zima pasipo kujua, hadi nilipoona mbegu sita kwenye sahani. Nikaiweka simu kwenye droo, nikamenya la pili.