Mkurugenzi Mcha Mungu na Hesabu za Kampuni

Wanahisa wengi wakisikia mkurugenzi mtendaji ni mzee wa kanisa au alhaji, hulegeza macho wanaposoma hesabu. Tafiti nyingi za Marekani zinazotajwa kutetea tabia hiyo hazikupima imani ya kiongozi; zilipima jinsi wakazi wa eneo la makao makuu wanavyoshika dini. Mmoja wa mwaka 2012 ulikuta kampuni za maeneo yenye wakazi washika dini zina kasoro chache za hesabu. Ila mameneja wa kampuni hizo walielekea zaidi kuipamba faida kwa njia halali, kama kukata bajeti ya utafiti au kushusha bei ili mauzo yapande kabla mwaka haujafungwa. Hapo vitabu ni safi, lakini faida haielezi hali halisi ya biashara.

Bernard Ebbers, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya simu ya Marekani WorldCom, alifundisha Shule ya Jumapili katika kanisa la Kibaptisti huko Mississippi. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa udanganyifu wa hesabu. Kampuni yake ililipa kampuni nyingine za simu kwa kutumia mitandao yao, kisha ikaandika malipo hayo kama mali ya kudumu. Gharama ya kawaida hupunguza faida papo hapo. Ya mali husambazwa kama uchakavu kwa miaka kadhaa. Dola bilioni 3.8 zilifichwa hivyo kati ya 2001 na mwanzoni mwa 2002.

Kipimo tunachofundishwa sote, kulinganisha faida na fedha taslimu za uendeshaji, kisingeinasa WorldCom: kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha malipo yalihamia upande wa uwekezaji, kwa hiyo fedha za uendeshaji nazo zilivimba. Kwenye fedha za uendeshaji, toa kwanza matumizi ya mtaji, yaani fedha za kununua au kujenga mali ya kudumu, ndipo uangalie kinachobaki. Kisha uliza mtaji huo umejenga nini. Wakaguzi wa ndani walioongozwa na Cynthia Cooper waliugundua udanganyifu huo walipochunguza matumizi ya mtaji, wakaupeleka kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi.

Dini yenyewe huingia kwenye hesabu kupitia misaada. Kwa IAS 24, kiwango cha kimataifa cha hesabu kinachotaka miamala na wahusika wa karibu wa kampuni itajwe, na kinachotumika pia Tanzania na Kenya, taasisi haihesabiwi kuwa mhusika wa karibu kwa sababu tu mkurugenzi wa kampuni anakaa kwenye bodi yake. Kwa hiyo kampuni inaweza kulichangia kanisa au msikiti wa mkurugenzi wake bila jina kutajwa kwenye maelezo ya hesabu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, omba orodha ya waliopokea misaada, na uulize nani aliidhinisha.