Shingo inauma kwenye kompyuta? Mengine tunayoambiana siyo kweli

Hii naisikia kila siku: "mimi jioni napiga gym saa nzima, kwa hiyo kukaa mchana kutwa hakunidhuru." Gym ni nzuri jamani, misuli yenye nguvu inastahimili zaidi, ila haifuti yale masaa manane ya kujikunja. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5 na ukikipeleka mbele kuifuata laptop, misuli ya nyuma ya shingo ndo inakizuia kisidondoke, imekaza kidogo tu lakini imekaza bila kuachia, na hapo ndo inapochokea.

Hebu cheki mabega yako saa hizi. Yako wapi? Mimi nikiwa na kazi ya haraka nayakuta yameshapanda karibu na masikio na wala sijui yalipanda saa ngapi.

Basi utaambiwa "kaa wima kama askari". Hapana bwana, hakuna mkao mmoja mzuri wa kutwa nzima, hata huo wima ukiung'ang'ania masaa mawili utakutesa vilevile. Na kiti cha hela nyingi? Kinasaidia, ila hakikuinui.

Wengine wanaogopa breki ya kupumzika wakidhani ni robo saa, mkeka chini na bosi anakukodolea macho. Wapi! Kila baada ya nusu saa hivi, dakika moja tu: pandisha mabega juu halafu yaachie yaanguke yenyewe, rudisha kidevu nyuma kama unatafuta kidevu cha pili (ndio, unaonekana kituko, vumilia), kisha vuta mabega nyuma kama umebana kalamu katikati ya mgongo, mara tano hivi, halafu simama ukanywe maji.

Kuhusu kuizungusha shingo mpaka ilie kwaa, ule mlio hauna maana kwamba mfupa umerudi mahali pake, ni mambo ya gesi kwenye majimaji ya kiungo tu, raha yake ya dakika chache, na usimpe rafiki akukunje kwa nguvu.

Halafu kuna wale shingo ikiuma wanaikaza isisogee kabisa kama wamefungwa plasta ya mfupa uliovunjika. Maumivu ya kawaida ya kukaa yanataka uisogeze taratibu. Ila kama mkono unakufa ganzi au unaishiwa nguvu, au maumivu yameanza baada ya kuanguka, au yamekuja na homa, hapo achana na mazoezi, nenda hospitali.