Je, wajua? Kongosho likishindwa kazi, mafuta humeng'enywaje?

Mafuta na maji hayaelewani, na utumbo wetu umejaa maji. Kwa hiyo nyongo huyavunja mafuta yawe vitone vidogo kwanza, kisha kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya tumbo, humwaga lipasi: kimeng'enya kinachoyakata mafuta hayo yaweze kupenya ukuta wa utumbo.

Katika miaka ya 1840, mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard aliliona hili kwa macho. Kwa sungura, mfereji wa kongosho huingia utumboni mbali kidogo, chini ya ule wa nyongo. Bernard alipowapasua sungura waliokula mafuta, alikuta mishipa ya limfu, ile inayobeba mafuta kutoka utumboni, imejaa maji meupe kama maziwa, lakini kuanzia pale tu majimaji ya kongosho yalipoingilia. Juu yake, penye nyongo peke yake, hapakuwa na weupe wowote.

Mtu angedhani basi kwamba kongosho likifa, mafuta yote yanapotea. Sivyo. Kwanza, akiba ni kubwa mno: kwa kawaida mafuta hayazidi chooni mpaka lipasi ishuke chini ya takribani asilimia 10 ya kiwango chake cha kawaida. Pili, tumbo nalo lina lipasi yake, tena inayopenda asidi, na hapa ndipo mwili unaponishangaza zaidi. Kongosho lenye afya humwaga pia baikaboneti ya kuzima asidi itokayo tumboni. Lisipofanya hivyo, asidi hubaki, na lipasi ya tumbo huendelea kuchapa kazi hadi ndani ya utumbo mwembamba, mahali ambapo kwa kawaida ingekuwa imeshapoa. Ubaya ni kwamba asidi hiyohiyo huzigandisha chumvi za nyongo, zile zinazosaidia kuyavunja mafuta yawe vitone, hivyo msaada huo una kikomo.

Mafuta ya minyororo ya kati, yaani yale ambayo molekuli zake ni fupi kuliko za mafuta mengi tunayokula, yana nafuu: hukatika upesi na kuingia moja kwa moja kwenye damu iendayo ini.

Yanayoshindikana hutoka. Choo huwa kingi, cheupecheupe, chenye harufu kali, na hung'ang'ania hata ukimwaga maji. Hutoka pamoja na vitamini A, D, E na K, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Tiba ni vidonge vya vimeng'enya vitokanavyo na kongosho la nguruwe, vilivyofunikwa visiharibiwe na asidi. Humezwa wakati wa kula, si saa moja baadaye, maana ni lazima visafiri pamoja na mafuta.