Mawingu hayakuharibu picha yangu

Jumatatu niliweka mtandaoni picha ya Peugeot 404 iliyoegeshwa nje ya gereji moja hapa Jinja. Anga lilikuwa jeupe, mvua imetoka kunyesha. Kabla ya chai ya saa nne watoa maoni walishajaa. "Gari zuri, picha ya giza." "Ungengoja jua litoke." Mmoja akanikumbusha kwamba 404 ndilo lililobeba Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na bingwa wa namna hiyo hapigwi picha siku ya mawingu. Wenye magari nao wana yao: "Kijana, njoo saa saba, jua likiwa limewaka sawasawa." Nimeyajibu haya kwa upole muda mrefu. Leo upole nimeuacha nyumbani.

Jua kali halifanyi picha iwe nzuri. Zamani lilifanya iwezekane kupigwa, na hapo ndipo watu walipochanganya mambo.

Kamera za sanduku za Kodak Brownie, zilizoanza kuuzwa mwaka 1900, zilikuwa na tundu dogo la lenzi, kasi moja ya shata (kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga), na filamu isiyoshika mwanga upesi. Bila jua hupati kitu. Hata kamera bora zilipokuja, kanuni waliyokariri wapiga picha ilianzia juani: tundu f/16, shata ifuate ISO, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga; filamu ya 100 unaipiga kwa 1/100 ya sekunde, umemaliza. Maelekezo yalitaka jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, yaani machoni mwa anayepigwa. Fungua albamu ya kwenu uone: wazee wote wamekunja uso kama waliotoka kunywa mwarobaini. Siku hizi simu ya bei ya kawaida inapiga kwenye ISO 800 bila kunung'unika. Shida ya uchache wa mwanga ilikwisha, ushauri wake ukabaki.

Mimi nauliza mambo mawili: mwanga unatoka upande gani, na chanzo chake ni kikubwa kiasi gani. Jua, ukilipima angani, lina upana wa nusu digrii. Chanzo kidogo hivyo hutoa kivuli cheusi chenye ukingo mkali. Wingu likilifunika, chanzo kinakuwa anga zima, na vivuli vinalegea. Kwenye uso wa mtu tofauti ni kubwa, kwenye gari ni kubwa zaidi, kwa sababu bati lenye rangi inayong'aa huakisi kila kilicho mbele yake. Chini ya wingu, boneti ya 404 inaakisi weupe mtupu, na ule mkunjo wa ubavuni uliotoka kwa wachoraji wa Pininfarina unasomeka kuanzia taa ya mbele hadi buti. Chini ya jua la saa saba, boneti ina doa moja lililoungua, paa lina jingine, bampa la kromu limejaa madoa, na magurudumu yametumbukia kwenye weusi. Anayesema picha ya Jumatatu ni ya giza aikuze kwenye simu yake. Anaweza kuhesabu vyuma vya grili.

Upande mwingine wako wasomi wa intaneti, nao wananichosha vilevile. "Piga saa ya dhahabu tu," yaani jua likiwa chini, baada tu ya kuchomoza au kabla tu ya kuzama. Saa ipi? Makala wanazosoma zimeandikwa na watu wa London na Chicago. London mwezi Juni jua hupanda kwa mshazari na huchukua karibu dakika 50 kufika digrii 6 juu ya upeo, ambapo saa hiyo huhesabiwa imekwisha. Jinja iko nusu digrii hivi kaskazini mwa ikweta. Jua letu hupanda wima, digrii 15 kila saa wakati wa Machi na Septemba, pungufu kidogo Juni na Desemba, kwa hiyo digrii 6 linazimaliza kwa dakika 24 hadi 26. Ukisimamisha tripodi, ukamsalimu mwenye gari, akakuuliza habari za nyumbani, imekwisha. Desemba jua la adhuhuri la London huishia digrii 15, mahali ambapo la kwetu linafika saa moja hivi baada ya kuchomoza. Mtu wa kule anaweza kuzurura mchana kutwa akiwa na mwanga wa pembeni. Sisi tunagawiwa kidogo asubuhi, kidogo jioni.

Saa ya ukutani nayo inapotosha. Majira ya Afrika Mashariki yanafuata longitudo ya 45, na Jinja iko kwenye 33, magharibi zaidi. Jua halifiki kileleni saa sita kamili, linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba na dakika moja hivi, kutegemea mwezi. Kwa hiyo anayeniita saa saba amelenga barabara dakika mbaya kuliko zote. Nampongeza.

Ila hata hilo la "juu kabisa" lina mambo, na hapa ndipo huwa nawapoteza wasikilizaji gerejini. Jua hupita juu ya utosi wa Jinja siku mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba. Katikati ya hapo, kuanzia Machi kwenda Septemba, jua la mchana liko kaskazini, na Juni linabaki digrii 67 tu kutoka upeo. Baada ya Septemba linahamia kusini hadi Machi inayofuata. Watu wamezaliwa hapa, wamezeekea hapa, na hawajawahi kuangalia kivuli cha nyumba yao kimeangukia upande gani Juni na upande gani Desemba.

Chukua lori moja la Bedford lililoko Walukuba, hapa hapa Jinja. Limeegeshwa uso wake ukitazama kaskazini, matairi yamekwisha pumzi, na haliendi popote. Mwenye nalo amenialika mwezi huu wa Novemba, saa saba. Saa hiyo jua liko nyuma ya lori. Grili, taa na herufi za jina vyote viko kivulini, na nyuma yake anga linawaka. Ukipima mwanga kwa lori, anga linaungua; ukipima kwa anga, unabaki na boksi jeusi. Nilimwonyesha kwa vidole nikiwa nimesimama palepale. Akaniambia jua ni jua. Nimemwomba tusubiri wingu, au tusubiri Aprili.

Maduka ya Main Street yana hesabu hiyohiyo. Mengi yana mwaka wa kujengwa uliotokezwa kwa plasta juu ya kipaa, pamoja na maua na nguzo za bandia. Nakshi ya aina hiyo haina kina, inataka mwanga unaokwangua ukuta. Na sasa nitasema kitu ambacho wasomi wa saa ya dhahabu hawatakipenda: ukuta unaotazama kaskazini, mwanzoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Septemba, unapata mwanga huo adhuhuri. Jua linateremka sambamba na ukuta, na kila tarakimu inaangusha kivuli chake chini. Desemba ukuta huohuo haupati hata mshale mmoja. Kampala, hekalu la Wabaha'i lililofunguliwa mwaka 1961 lina pande tisa, kwa hiyo hapo huhitaji kalenda. Unazunguka tu hadi upate upande unaofaa.

Jambo linaloniudhi kuliko yote, na ambalo sijawahi kuona likiandikwa na hao wa London kwa sababu hawana, ni udongo wetu. Egesha Peugeot 504 nyeupe kwenye marramu adhuhuri. Jua linapiga udongo mwekundu, udongo unarudisha mwanga juu, na milango kuanzia katikati kwenda chini inakuwa ya rangi ya chungwa. Huku juu, paa na boneti vinaakisi anga la buluu. Gari moja, rangi mbili. Halafu anatokea mtu ananiambia "rekebisha tu kwenye programu". Ukiipunguza chungwa ya chini, paa linazidi kuwa buluu. Ukiongeza chungwa kwa ajili ya paa, milango inageuka tope. Ni mianga miwili tofauti kwenye bati moja, na hakuna kitufe kimoja kinachoitoa yote miwili. Hamishia gari kwenye lami, au ngoja wingu, maana siku ya mawingu udongo haupati mwanga mkali wa kurudisha. Ukilivuta chini ya mwembe umebadilisha chungwa kwa kijani, na madoa ya jua yanayopenya majanini ni adhabu ya peke yake.

Polaraiza, ile filta ya lenzi ya kukata mng'ao? Ninayo, naitumia, inakula stopu moja na nusu hadi mbili, na kila stopu ni nusu ya mwanga. Inaondoa mng'ao kwenye rangi na kwenye kioo cha mbele, ukisimama kwa pembe inayofaa. Kwenye kromu haifanyi kitu, kwa sababu mwanga unaoakisiwa na chuma kitupu hautii filta hiyo. Watu wananunua polaraiza kwa ajili ya bampa, kisha wanarudi kulalamika. Na kwenye vioo vya milangoni, vile vilivyoimarishwa kwa joto, inaibua madoadoa ambayo jicho halikuyaona.

Simu zinazounganisha picha kadhaa kuwa moja zimeongeza mkanganyiko. Ndiyo, simu itakuonyesha gurudumu na wingu kwa pamoja saa saba mchana. Lakini imevuta vivuli juu na mianga chini hadi vyote vikafanana, na gari limebaki bapa. Kivuli kikishakaa upande mbaya, programu inaweza kukififisha, haiwezi kukihamisha.

Sasa, mimi napiga picha moja kila siku, na ninafanya kazi nyingine ya kulipia kodi. Siku nyingi nafasi yangu ni ile ya chakula cha mchana, jua likiwa kichwani. Nikifuata sheria zangu mwenyewe ningekuwa na picha chache sana. Ndiyo maana nimejifunza baraza za maduka. Simama ndani ya baraza ya duka la zamani adhuhuri: paa limekukinga, na barabara iliyo mbele yako inarudisha mwanga laini kutoka chini na mbele. Mweke fundi hapo, umgeuze aitazame barabara, ngozi nyeusi inang'aa kwa utaratibu, macho yana uhai, na kofia haimfuniki uso. Dashibodi za magari ya zamani pia, mlango ukiwa wazi, hazijawahi kunitoka vizuri kama mchana. Kwa hiyo sisemi mchana ulaaniwe. Nasema usiniambie gari zima, juani, katikati ya uwanja.

Na ziko picha ambazo sheria zote hizi hazizielezi. Nina moja ya Land Rover Series III, ubavu wa alumini umebonyea kila mahali bila kutu, imepigwa saa saba kasoro, jua kali, vivuli vya wino, rangi imeungua paani. Ndiyo inayopendwa kuliko zote nilizowahi kuweka, na mimi mwenyewe siwezi kuitoa. Nimeitazama nikitafuta sababu ya kiufundi, nikaishia kusema ukali wa mwanga ule unafanana na ukali wa maisha ya gari lile, maneno ambayo ningemcheka mwingine akiyasema.

Shaka yangu kubwa lakini iko kwenye rangi. Magari haya yalipakwa rangi isiyo na vanishi juu yake. Miaka ikipita, uso wa rangi unachakaa na kuwa kama chaki, na uso uliochakaa unatawanya mwanga mweupe kila upande. Jua likiwa kali, utandu huo mweupe unaifunika rangi iliyo chini yake. Mvua ikinyesha, maji yanajaza mikwaruzo, uso unakuwa laini, na rangi inarudi. Ndiyo maana napenda kupiga baada ya mvua. Lakini basi, gari lina rangi ipi? Ile Bedford ikilowa ni nyekundu iliyoiva. Ikikauka ni ya waridi, na siku nyingi za mwaka ni kavu. Nikiweka ya mvua, anayepita pale kila siku ataniambia nimetia rangi kwenye kompyuta. Nikiweka ya ukavu, nimeonyesha utandu wa chaki kuliko lori lenyewe. Nilimuuliza mwenye nalo nijaze rangi gani kwenye maelezo ya picha. Akasema jekundu, imeandikwa kwenye kadi ya gari. Binti yake, aliyekuwa anaanika nguo kando, akasema la waridi, toka azaliwe. Wakaanza kubishana, nikaendelea kupiga.